Aliyebonyeza Dole la Chini kwenye Jibu la Baba

Udongo wa kaburi la mdogo wangu ulikuwa bado mbichi baba aliponiita nyuma ya zizi na kunipa simu yake.

"Kornelio, nitafutie mtu huyu."

Nikaangalia kioo. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na picha ya skrini ya zamani, na ndani yake dole gumba limeelekea chini, pembeni pameandikwa moja.

"Huyu alijua," baba akasema. "Alijua jambo lile linaua, akanyamaza. Leo Marwa yuko chini ya udongo. Alhamisi wazee wa mila wanakaa. Ukinipatia jina watamlaani kwa jina. Usiponipatia watamlaani hivyo hivyo, yeye na uzao wake. Laana inajua njia."

Baba yangu si mtu wa kupayuka. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekutuma chumvi dukani.

Hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikachukua simu. Sikujua nimebebeshwa nini.

Naandika haya kwa sababu naona mjadala umerudi tena kwenye jukwaa letu la Uliza Fundi: anayebonyeza dole la chini alazimishwe kutoa sababu, au aachwe?

Nimesoma pande zote mbili. Kila upande una watu wenye akili. Wengine mnatukanana hadi wazazi wanaingizwa, na sioni kwa nini.

Mimi sina haraka ya kusema nani yuko sahihi. Nitaeleza tu yaliyotokea nyumbani kwetu, mtapima wenyewe.

Kwetu ni Kewanja, Tarime, karibu na mgodi mkubwa. Mwaka ule kulikuwa na rashi. Mtu alipata dhahabu kwenye mteremko ng'ambo ya kijito, habari ikatoka, na kabla hujakaa vizuri mteremko mzima ulikuwa umejaa maturubai. Watu walitoka Sirari, Migori, Geita, wengine hata hukujua lugha yao.

Mdogo wangu Marwa na rafiki yake Waitara walipata duara. Duara ni shimo la kuchimbia. La kwao lilikuwa jembamba na refu, unashuka ukikanyaga magogo yaliyopigwa ukutani, ukiangalia juu unaona mbingu ndogo kama sahani.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Natta, kwenye kambi moja ya watalii, nikitunza jenereta na pampu za maji. Kazi hiyo sikuisomea. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga mashine, na kwa kusoma Uliza Fundi kwenye simu.

Kwa wageni: Uliza Fundi ni mahali mtu anauliza, mafundi wanajibu. Ukipenda jibu unabonyeza dole la juu, linapanda. Ukilikataa unabonyeza dole la chini, linashuka. Jibu la juu kabisa ndilo watu wanalifuata. Wengi hawasomi ya chini.

Mimi ndiye niliyemwingiza baba.

Baba ni fundi wa pampu tangu enzi zile watu wanachimba mashimo ya wazi, mapana kama kiwanja cha mpira. Miguu ilipoanza kumsumbua akawa wa kukaa nyumbani. Nikamnunulia simu, nikamfungulia akaunti, nikaiita Fundi Kisyeri. Kisyeri ndilo jina lake.

Ndugu zangu, mzee alifufuka.

Asubuhi chai yake inapoa anajibu watu. Mtu wa Kahama pampu yake inapiga kelele, baba anamwambia fungua hapa, kaza pale. Kesho yule mtu anarudi: "Mzee Mungu akuweke, imepona." Baba anamwita kila mtu aje asome.

"Mnaona? Mimi bado nina kazi."

Watu walimpenda. Madole ya juu yalikuwa yanamiminika.

Ndipo likaja swali la mtu wa Kenyamonta.

Aliandika: "Duara langu limejaa maji. Nina pampu ya petroli, nimeiweka juu, haivuti, maji yako mbali sana. Nifanye nini?"

Baba akajibu kama anavyojua. Pampu haiwezi kuvuta kutoka mbali hivyo, akasema, na hapo alikuwa sahihi. Basi jenga kichanja cha magogo ndani ya shimo, juu kidogo ya maji. Teremsha mashine ikae hapo. Unganisha bomba kwenye ekzosi, lipandishe, moshi utokee nje. Washa.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote. Ila aliifanya kwenye mashimo mapana, upepo unaingia huku unatokea kule. Hakuwahi kuwasha mashine ndani ya duara jembamba.

Hakuna aliyemuuliza hilo. Watu wakabonyeza dole la juu. "Fundi amemaliza." "Mzee wa kazi huyo."

Halafu likatokea dole moja la chini.

Bila neno. Bila jina. Moja tu.

Baba alinipigia simu Natta. Nilifikiri kuna mgonjwa.

"Kornelio! Kuna mtu amenibonyezea chini!"

"Baba, ni mmoja tu. Una ya juu mangapi?"

"Ya juu hayaniumi. Huyu ananiita mwongo, halafu amejificha kichakani. Kwetu mtu akikuita mwongo mbele ya watu, anasimama, anasema kwa nini. Huyu ni mwanaume kweli?"

Akaandika hayo hayo jukwaani. Watu wakachangia, jambo likawa kubwa kuliko dole lenyewe.

Kulikuwa na kijana wa Sirari anaitwa Okech, ulimi wake hauna breki. Akaandika: "Mzee tulia bana, ni dole moja tu! Ungekuwa na mke wa pili si ungelia machozi?"

Baba akamjibu kwa neno analowaitia vijana wote wa Kikurya: "Mura, mimi nilikuwa na wawili, na wote walinieleza makosa yangu kwa mdomo."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alikuwa ameumia kweli.

Wengi wakamuunga mkono. Ikafika kwa wasimamizi, wakapiga kura, kanuni ikatoka: ukibonyeza chini, unaandika sababu. Madole ya zamani yasiyo na sababu, wenyewe walitumiwa ujumbe waje waeleze. Asiyeeleza, dole lake linaondolewa.

Wengine walieleza. Yule mmoja aliyembonyezea baba hakueleza.

Dole likaondolewa.

"Umeona?" baba akaniambia kwenye simu, furaha imejaa kinywani. "Ukweli ukiitwa, mwongo anakimbia."

Nami nilifurahi. Niseme ukweli, niliona ni haki. Jibu la baba likabaki pale juu, safi, bila doa.

Mvua zikaja.

Usiku mmoja ilinyesha sana, asubuhi duara la Marwa likawa kisima. Wengine kwenye mteremko walikuwa wanachota kwa ndoo na kamba, kazi ya kuvunja mgongo. Marwa akasema yeye hawezi kuchota kama mwanamke wa mtoni wakati baba yake ni Fundi Kisyeri.

Akafungua simu, akamsomea Waitara jibu la baba. Mstari kwa mstari.

Haya yote nimeambiwa na Waitara. Alinieleza siku ya msiba, amekaa chini, hataki kiti.

"Tulifanya kama mzee alivyosema, kaka. Kichanja. Bomba la moshi. Kila kitu. Tukateremsha mashine kwa kamba, Marwa akashuka akaiwasha. Maji yakaanza kutoka! Tukapiga kelele za furaha. Majirani wakaja kuangalia."

"Halafu?"

"Akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia panda, pumzika. Akasema, 'Ngoja maji yaishe.' Baadaye akasema miguu imelegea. Nikadhani anatania, unamjua Marwa. Nikamwambia, mura, acha uvivu."

Waitara akaokota kijiti, akakivunja.

"Nikamwambia acha uvivu, kaka. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia."

Mashine iliendelea kunguruma. Maji yaliendelea kutoka. Marwa hakujibu tena. Majirani walimkamata Waitara kwa nguvu asishuke, maana angebaki huko naye. Walimtoa Marwa kwa ndoana na kamba mashine ilipozimika yenyewe.

Hakuwa na jeraha. Uso wake ulikuwa mwekundu kidogo, kama mtu aliyekaa karibu na jiko.

Fundi mmoja wa pale mteremkoni alikuja msibani akasema: ni hewa ya mashine. Petroli inatoa hewa isiyo na rangi wala harufu. Kwenye duara jembamba haina pa kwenda. Bomba la moshi hata ulirefushe vipi, linavuja kwenye maungio.

Baba alikuwepo aliposema. Nilimwona baba anavyosikia. Sitaki kuieleza sura ile.

Tangu hapo hakulia. Alikuwa anarudia jambo moja: "Kuna mtu alijua. Kuna mmoja alijua."

Basi mnaelewa kwa nini aliniita nyuma ya zizi.

Nilianza kwa kumwandikia msimamizi wa jukwaa, dada anaitwa Sheila. Nikamweleza msiba wote, nikamwomba jina la aliyebonyeza.

Akanipa pole ndefu, kisha akaandika: "Kaka Kornelio, siwezi. Nikikupa wewe leo, kesho nitampa mwenye panga."

Nilitaka kukasirika. Nikafikiri, nikaona amesema sawa. Na sisi tulikuwa na kitu kibaya kuliko panga.

Nikakaa na simu ya baba mkononi, sijui nianzie wapi. Huenda mtu mwenyewe yuko Mbeya. Huenda alibonyeza kwa bahati mbaya, kidole kimeteleza. Alhamisi wazee watamlaani na watoto wake, na kosa lake ni kidole kuteleza.

Mchana ule nikaingia jikoni. Mke wangu Bhoke alikuwa anapukuchua mahindi, mtoto wetu Nyangi yuko mgongoni amelala. Tangu msiba alikuwa haongei sana, nami sikumlazimisha. Marwa alikuwa shemeji yake wa utani. Kila siku walikuwa wanatukanana na kucheka.

Nikamweleza nilichotumwa.

Akaacha kupukuchua.

"Wanamlaani na uzao wake?"

"Ndivyo baba alivyosema."

"Hata kama ni mtoto mdogo?"

"Bhoke, laana haiulizi umri."

Akafungua kanga, akamshusha Nyangi taratibu, akaniwekea mapajani.

"Basi mshike vizuri, Baba Nyangi," akasema. "Uzao wenyewe ndio huo."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikamshika mtoto kwa mikono miwili.

"Ni wewe?"

Akaitikia kwa kichwa.

Kwa msomaji asiyewajua Wakurya, nieleze kidogo. Mwanamke na baba mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mikono. Hawakai benchi moja. Baba mkwe akipita, yeye anasogea njia. Na jina lake halitamki, hata kama ni la mtu mwingine mwenye jina hilo. Kumbishia mbele za watu ndiyo kabisa. Si chuki. Ni heshima, tumeikuta, wengine wameilegeza lakini nyumbani kwetu ilikuwa imekaza.

Bhoke ni wa upande wa Kenya. Alikuwa na kaka yake, akiitwa Nyamhanga. Alikufa machimboni Migori kabla mimi sijamjua Bhoke. Nilijua alifia shimoni. Nilidhani shimo lilimwangukia, kama wengine wengi. Sikuwahi kuuliza.

"Waliteremsha mashine," Bhoke akaniambia. "Hivyo hivyo. Na bomba la moshi. Nilipolisoma lile jibu kwenye simu yangu, nikabonyeza chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa Natta. Nikupigie simu niseme nini? Kwamba mzee amekosea kazi aliyoifanya miaka yote, mimi niliyeolewa juzi ndiye najua? Ungenisikiliza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikaona ningekuwa nadanganya.

"Na sikujua atakayelifuata ni Marwa," akasema, sauti ikaanza kukatika. "Baba Nyangi, mimi nilikuwa namwokoa mtu wa Kenyamonta. Nilisema angalau aone kuna mmoja amekataa. Asubuhi ile ya mvua nilikuwa kliniki na mtoto. Ningekuwepo ningemvuta Marwa kwa shati. Marwa ningemwambia! Yeye naongea naye!"

Nikamuuliza kuhusu ujumbe wa wasimamizi. Ulipokuja kumtaka aeleze sababu, alifanya nini?

"Nilifungua. Kisanduku cha kuandikia kinaanza na jina la unayemjibu. Limeandikwa tayari, halifutiki. Unamjibu fulani." Hakulitaja. "Nikaandika yote. Nikaweka kidole kwenye kutuma. Jina lake liko pale juu, na mimi ndiye natuma. Nikafuta. Kesho yake nikaandika tena, nikafuta. Halafu dole likaondoka."

Nyangi aliamka, akaanza kunivuta kola. Nilikuwa namwangalia mtoto na kufikiri juu ya Alhamisi.

"Nitamwambia baba," nikasema.

"Hapana. Ukisema wewe ataona unanitetea. Atasema mke amekulisha kitu." Akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Walitaka sababu. Nitatoa sababu."

Akachukua simu yake. Aliandika muda mrefu, akiwa amekaa chini kati ya magunzi. Alipomaliza akanipa.

"Tuma wewe. Ili jina lisitoke mkononi mwangu."

Nikatuma mimi.

Sitayarudia maneno yake yote, bado yapo, mnaweza kuyasoma. Alieleza kaka yake alivyokufa. Alieleza hewa ya mashine. Akaandika mwisho: "Nilibonyeza chini si kwa dharau. Nilikuwa nawaogopea watu."

Jina la akaunti yake halikumtambulisha. Kwa watu wote alikuwa mtu fulani tu.

Jua halijashuka, chini ya maneno yake akaandika mtu mwingine. Nikalisoma jibu hilo nimesimama, nikakaa.

"Mimi naitwa Simioni, wa Kenyamonta. Mimi ndiye niliyeuliza swali hili. Sikuteremsha mashine. Nilikuwa nimeshapasua magogo ya kichanja, nikaingia hapa kusoma mara ya mwisho, nikaona dole moja la chini. Nikajiuliza, nani huyu anamkataa Fundi Kisyeri, na anajua nini? Roho ikakataa. Nikachota maji kwa ndoo mpaka mikono ikachubuka, na nilikuwa namtukana huyo mwenye dole kila siku. Leo nimesoma sababu. Niko hai. Poleni sana kwa msiba. Naona hata aibu kuandika kwamba niko hai."

Dole lile lisilo na neno lilikuwa limefanya kazi yake. Lilimwokoa mmoja. Kisha tuliliondoa kwa haki, kwa kura, na aliyekuja baadaye akakuta jibu safi.

Aliyekuja baadaye alikuwa Marwa.

Nikampelekea baba simu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele ya nyumba. Akasoma kwa kufuatisha kidole, kama anavyosoma siku zote. Akarudia. Kisha akaandika, polepole, hakunionyesha. Niliona kwenye simu yangu.

"Wewe ni nani? Kwa nini hukusema wakati ule?"

 Halafu jibu likaja. Bhoke aliniambia baadaye kwamba safari hii alituma mwenyewe, akiwa amefumba macho.

"Kwetu, mtu wa nafasi yangu hazungumzi mbele ya mtu wa nafasi yako."

Baba akasoma.

Akainua kichwa. Hakuniangalia mimi. Aliangalia jikoni.

Mkurya hahitaji kuelezwa sentensi ile.

Alisimama kwa kujivuta, akachukua fimbo, akavuka uwanja. Nikamfuata. Bhoke alikuwa ndani na mtoto. Baba alifika kwenye ukuta wa jiko, akageuka, akaupa ukuta mgongo. Akabaki anaangalia migomba.

"Mama Nyangi," akasema.

Hakuwahi kumwita. Kila alichotaka alikuwa anapitishia kwa mama, au kwangu.



"Kaka yako aliitwa nani?"

Nikasikia pumzi. Kisha sauti ya mke wangu, ndogo sana.

"Nyamhanga, baba."

"Alikuwa juu anavuta kamba, au alikuwa chini?"

"Alikuwa chini."

"Alisema kichwa kinauma?"

"Ndiyo, baba. Walisema alilalamika kichwa."

Baba akaishika fimbo kwa mikono yote miwili. 

"Marwa naye alilalamika kichwa," akasema.

Bhoke akaanza kulia. Baba hakumnyamazisha. Alingoja.

"Mimi ndiye niliyedai dole lako litolewe."

"Hukujua, baba."

"Sikuuliza. Nilikuwa nauliza ni nani. Siku zote hizo, ni nani, ni nani. Hata mara moja sikuuliza nimekosea wapi."

Akaondoka. Alipita karibu nami kama hanioni.

Alhamisi akaenda kwa wazee. Nilimsindikiza kwa sababu ya miguu yake. Sikujua atasema nini, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza. Nilikuwa nimejiambia kwamba akitamka jina la mke wangu nitapiga magoti mbele ya wote.

Mzee mkubwa akauliza kama mtu amepatikana.

"Amepatikana," baba akasema.

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Watu wakatazamana.

"Aliyejua alisema, kwa namna aliyoweza," baba akaendelea. "Mimi nikamziba. Nilikuja kuwaomba laana. Haya, ninyi ndio wenye kauli. Aliyemuua Marwa amesimama hapa."

 Mzee mkubwa akamwangalia, kisha akamwita kwa jina la utoto, jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

"Rudi nyumbani," akamwambia. "Mtu aliyemzika mwanawe, tumchukulie nini tena?"

Tukashika njia ya nyumbani. Tulipofika kwenye kijito akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, na hapo ndipo alipolia. Alilia kama mtoto. Nilisimama pembeni nimeshika viatu vyake.

Baba yuko hai, ila hajajibu swali la mtu tena. Wapo wanaomwita kila wiki, "Fundi Kisyeri uko wapi?" Anasoma, anaweka simu chini.

Wasimamizi walitaka kulifuta jibu lake. Akakataa. Akabonyeza dole la chini yeye mwenyewe, na kwenye kisanduku cha sababu akaandika: "Jibu hili nililitoa mimi. Mwanangu alilifuata. Amekufa. Msilifute, mtu mwingine asije akalifikiria upya akadhani ni jipya."

Sasa mnaniuliza, dole la chini litakiwe sababu au lisitakiwe?

Bhoke angetoa sababu mapema, Marwa angekuwa hai. Hilo najua.

Sababu isingelazimishwa, dole lake lingebaki, na huenda Marwa angeliona kama Simioni alivyoliona. Hilo pia najua.

Kwa hiyo kanuni mtajua wenyewe. Mimi naomba mawili tu. Wewe unayejua na una uwezo wa kusema, sema, usimwachie mwenzako alama. Na wewe uliyekataliwa bila neno, kabla hujauliza nani, rudi kwenye kazi yako uikague. Huenda aliyekukataa ni mtu ambaye wewe mwenyewe, bila kujua, ulishamfunga mdomo.

Wiki iliyopita mtu aliniuliza kuhusu jenereta, nikamjibu, nikapata dole moja la chini bila maelezo. Nilirudi kwenye jenereta yetu ya kambini, iliyo kama ile, nikaifungua upya. Sikuona kosa. Bado nalitafuta.